Naomba ushauri: nguzo ya chuma yenye mzigo usiokaa katikati

Wahandisi wenzangu, nasanifu kibanda cha karakana huku Mbagala, Dar es Salaam, chenye nguzo ya bomba la chuma la mraba la milimita 100 kwa 100, unene milimita 4, urefu mita 4, itakayobeba kilonyutoni 60. Kwa kanuni ya Euler, ncha zote mbili zikizuiwa zisiyumbe lakini zikiweza kuzunguka, nguzo ingehimili takriban kilonyutoni 290 kabla ya kupinda ghafla. Lakini ncha ya juu ikiwa huru na ya chini imeshikwa imara, zinabaki kilonyutoni 73 tu, na hilo linanitia hofu kubwa kwa sababu mafundi watafanya kazi chini yake. Tena mzigo utakaa milimita 50 nje ya katikati ya nguzo. Je, nikokotoeje mchepuko wa kileleni (umbali ambao ncha ya juu inasogea pembeni), ikiwa mchepuko wenyewe nao unaongeza momenti (athari ya kupinda inayoletwa na mzigo)?