Tupeane uzoefu: mradi wa kuboresha michakato kazini kwenu ulikuwa unatafuta nini hasa?

Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mradi wa kuboresha michakato niliowahi kuushuhudia ulianza na orodha ileile: gharama zishuke, kazi iende haraka, ubora upande, mteja aridhike, wafanyakazi wapumue, kanuni zifuatwe. Hakuna anayepinga hata moja, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza. Malengo haya hugombana. Ukisukuma kasi, ubora unayumba. Ukibana gharama, aliyebaki anabeba kazi ya wawili. Mradi usiosema lipi litangulia siku yatakapogongana unamwachia uamuzi huo mwenye sauti kubwa kikaoni.

Naomba tupeane uzoefu. Kwenye karatasi mradi wenu ulitafuta nini, na kwa vitendo ulitafuta nini? Nani alipima, na alipimia wapi? Majina ya kampuni tuyaache.

Naanza mimi. Nilikuwa idara ya malipo, wauzaji wakilalamika kwamba ankara zao zinachelewa kulipwa. Lengo likaandikwa "kuharakisha malipo", na wazo la kwanza la kila mtu likawa kuongeza makarani. Kabla ya kuajiri, tuliichukua ankara moja tukaifuata meza hadi meza. Kuihakiki, kuiingiza kwenye mfumo na kuiidhinisha ni kazi ya dakika. Muda wote uliobaki ilikuwa imelala kwenye trei ikisubiri saini ya mtu aliyeko safarini. Makarani wapya wangeifikisha kwenye trei mapema zaidi, ikalale pale pale.

Lengo likaandikwa upya: kupunguza muda wa ankara kusubiri. Ankara ndogo ambayo oda yake na hati ya kupokea mzigo vinalingana ikaondolewa saini zote isipokuwa moja. Hatukumwambia mtu yeyote akimbie.

Mzigo Salama

Mada nzuri mkuu. Mimi ni wa ghala.

Kwetu aliletwa mshauri, akaweka kipimo cha idadi ya mizigo inayotoka kila zamu. Namba zikapanda, ubao ukapendeza, bosi akafurahi. Kilichopanda pamoja nazo ni mizigo inayorudi: saizi siyo, rangi siyo, anwani ya mtu mwingine. Ila marejesho yalihesabiwa na idara ya huduma kwa wateja, kwenye ripoti nyingine, kikao kingine. Kwa hiyo ghala lilipongezwa kwa kasi, na wenzetu wa simu wakasemwa kwa malalamiko, wakati chanzo ni kimoja.

Baadaye tukapewa msimamizi aliyebadilisha kitu kimoja tu. Mzigo unahesabiwa ukishamfikia mteja ukiwa sahihi, kwa mara ya kwanza. Ukirudi, unafutwa kwenye hesabu ya zamu iliyoutoa. Watu wakaanza wenyewe kusoma lebo mara mbili, na ile rafu iliyokuwa na bidhaa mbili zinazofanana zimewekwa pamoja ikapangwa upya bila waraka wowote.

Jicho la Kiwandani

Niongezee historia kidogo, maana inasaidia kujua lengo lipi limetoka wapi.

Toyota, hasa kazi ya mhandisi wao Taiichi Ohno, walilenga kuondoa upotevu: kuzalisha kupita mahitaji, kusubiri, kusafirisha bila sababu, kuchakata kupita kiasi, kurundika akiba, kuzungukazunguka na kasoro. Ohno alikuona kuzalisha kupita mahitaji ndiko kubaya kuliko kote, kwa sababu kunazaa na kuficha mengine. Motorola nao, mwaka 1986, walianza Six Sigma, mbinu ya kuboresha ubora ambayo shabaha yake ni kupunguza kutofautiana kwa matokeo. Ile namba maarufu ya kasoro 3.4 kwa kila nafasi milioni za kukosea inatoka huko.

Ni maswali mawili tofauti. Chukua mteja anayeahidiwa siku tano. Sehemu moja anapata leo siku mbili, kesho siku tisa. Sehemu nyingine ni siku tano kila mara. Wastani wa ile ya kwanza unaweza hata kuwa mdogo kidogo, lakini mwenye biashara atarudi kwa yule wa pili, kwa sababu anaweza kupanga shughuli zake. Nimeona timu zikisherehekea wastani kushuka huku wateja wakihama. Kabla hujaandika "kasi", muulize mteja kama shida yake ni uchelewaji au ni kutokujua.

Sisemi Kitu

Kwetu lengo kwenye karatasi lilikuwa "ufanisi". Lengo halisi lilikuwa kupunguza watu. Waliotoa mawazo mazuri kwenye warsha ndio ambao nafasi zao zilifutwa. Tangu hapo ukiitisha warsha, watu wanasifia chai.

Kalamu Nyekundu

@Sisemi Kitu pole sana. Ningeomba uongozi ambao haujafika huko uandike kabla ya kuanza kwamba wazo la mfanyakazi halitamwondoa kazini, na kazi ikipungua ahamishiwe kwingine. Kama nia ni kupunguza watu, waseme hivyo na wasiite maboresho.

Hesabu Kali

Hapo kwenye ankara mkuu umenikumbusha mfano wa Ford. Michael Hammer, mtaalamu wa uongozi wa biashara, aliueleza kwenye makala yake ya mwaka 1990 katika jarida la Harvard Business Review. Idara ya malipo ya Ford Amerika Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, na lengo la kwanza lilikuwa kupunguza asilimia 20 kwa msaada wa kompyuta. Kisha wakaiangalia Mazda, kampuni ndogo kuliko wao, yenye watu watano kwenye kazi hiyo.

Hapo swali likabadilika. Kazi kubwa ya makarani ilikuwa kutatua ankara, oda na hati za kupokea mzigo zisizokubaliana. Wakaiondoa ankara yenyewe: mpokeaji anaangalia oda kwenye mfumo, mzigo ukilingana anaukubali, malipo yanatoka. Punguzo likafika asilimia 75. Lengo la asilimia 20 lingetimia na idara ingebaki inafanya kazi ambayo haikupaswa kuwepo. Hoja ya @Sisemi Kitu naichukua pia. Miaka ya 90 mtindo huu ulikuja kunuka kwa sababu wengi walibeba punguzo la watu wakaliacha swali.

Mhakiki Mkuu

Nitofautiane kidogo na wapenda kasi. Mradi wetu uliongeza hatua, na ninauhesabu kuwa umefaulu. Mtu mmoja alikuwa na uwezo wa kumsajili muuzaji mpya kwenye mfumo na kumlipa. Tukazitenganisha kazi hizo mbili, na akaunti ya benki ya muuzaji ikibadilika lazima mtu apige simu kwa namba iliyokuwepo zamani kuthibitisha. Malipo ya kwanza kwa muuzaji mpya yanachelewa zaidi kuliko awali. Ndivyo tulivyotaka.

Fundi wa Vifaa

Sisi tuko wachache, tunakarabati vifaa vya ofisini vilivyoharibika. Hatukuwa na mshauri wala slaidi. Malalamiko yalikuwa "kila siku mnasema kesho".

Kuna kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa muda wa kazi kukaa kwako ni idadi ya kazi zilizo mkononi ukiigawanya kwa idadi unayomaliza kwa siku. Ukiwa na kazi 60 na unamaliza 12 kwa siku, ni siku tano, upende usipende. Kila fundi alikuwa amefungua vifaa vingi, nusu vikisubiri vipuri. Tukaweka lengo la kupunguza vilivyofunguliwa: hufungui kipya mpaka ulichonacho kimeondoka, na kipuri kinakaguliwa kama kipo kabla bisibisi haijashikwa. Uwezo wetu haukuongezeka. Ahadi kwa wateja ndizo zilizoanza kutimia.

Mzigo Salama

Swali kwa mleta mada: mradi ulipofungwa, nini kilizuia zile saini kurudi? Kwetu timu ilivunjwa, na kila lilipotokea kosa dogo bosi mmoja aliongeza "nione kwanza".

Kalamu Nyekundu

Zilijaribu kurudi. Mchakato una mwenyewe sasa, mkuu wa malipo, na kila Jumatatu anasoma orodha ya ankara kwa umri, kuanzia iliyokaa zaidi. Anayetaka saini mpya aeleze inazuia hatari gani na ataje ipi ya zamani itaondoka. Mpaka sasa wengi wakifika kwenye hilo la pili wanaghairi.