Wakuu naombeni ushauri, siku mbili hoteli ya jangwani Wahiba, niende au niache?

Kijana wa Ruwi: Habari za jioni wakuu. Nipo Maskati mwaka wa nne sasa, kazi zangu udereva. Waifu kaja kunitembelea kutoka Dar nikaona nimtoe tukale raha siku mbili kule Wahiba, kuna kihoteli ndani kabisa mchangani, mahema nane tu, kila hema na bwawa lake, jirani humuoni wala humsikii. Wamekata bei nusu, riali 90 kwa usiku na chakula humohumo. Swali langu dogo tu, gari la kawaida linafika au lazima fowili? Na netiwaki ipo? Nina wasiwasi, hata usingizi siupati vizuri.

Mzee wa Kivuko: Riali 90 si dola 234 hizo! Kulala hemani! Sisi JKT tulilala hemani bure na virungu juu.

Bint Mtoni: Gari dogo linaishia Bidiya kaka, lami ikikatika hapo ni mchanga mtupu. Hata hiyo fowili lazima upunguze upepo wa matairi kwanza, na ukirudi unajaza tena, mafundi wapo palepale. Kutoka Maskati weka saa tatu. Sisi mwaka juzi tulisimama Ibra kununua maji, bibi mmoja akatusikia tunavyoongea akauliza nyie wa Unguja au wa Pemba? Kumbe kazaliwa Ng'ambo, kaondoka baada ya mapinduzi ya 64, Kiswahili chake kitamu kutushinda sisi. Akatukalisha mpaka alasiri na kahawa na tende, jangwani tukaingia giza limeshashika. Netiwaki sikumbuki.

Mkata Tiketi: Hiyo nusu bei hujajiuliza? Watu wanaenda Wahiba Oktoba mpaka Machi, sasa hivi Julai, mchana 45 na inapanda, ngamia wenyewe wanagombania kivuli. Halafu mtu hakosi usingizi kwa ajili ya gari. Sema ukweli mleta uzi.

Kijana wa Ruwi: Sifichi kitu mkuu. Kiyoyozi kipo na jenereta lipo. Nusu ya hela nimeshalipa na hawarudishi, na waifu picha kaziona kafurahi. Ila ni mjamzito, miezi saba. Dokta wa Dar kampa cheti cha kupanda ndege, sasa kama ndege karuhusiwa gari kuna shida gani?

Nesi Mstaafu: Yarabi! Mwanangu, ndege hairuki juu ya matuta ya mchanga ikishuka kwa kishindo. Uchungu ukianza usiku kabla ya wakati, hospitali kubwa ya karibu ni hiyohiyo Ibra, na kabla ya kuikuta lami mnatakiwa mtoke mchangani gizani. Jenereta likizima je? Bima anayo?

Kijana wa Ruwi: Anayo ya safari mama, sijaisoma yote.

Mzee wa Kivuko: Mnadekeza. Mimi nilizaliwa shambani, mama akaendelea kupalilia.

Nesi Mstaafu: Mama yako umemuuliza?

Chumvi Nyingi: Jamani subirini. Huyuhuyu mwezi wa tatu alifungua uzi kaachwa na mchumba, tukamliwaza kurasa tatu nzima, leo ana mke wa miezi saba? Na dereva wa miaka minne Omani hajui gari gani linapita mchangani? Chai hii, tena ya maziwa.

Mkata Tiketi: Duh, kweli, nilimliwaza na mimi.

Kijana wa Ruwi: Ule uzi ulikuwa wa rafiki yangu, aliazima akaunti. Na mimi naendesha basi la wafanyakazi mjini, mchangani nikafuate nini?

Bint Mtoni: Chai au si chai, kama dada wa watu yupo kweli mpeleke Salala. Julai ndiyo khareef yao, manyunyu na ukungu, milima kijani, barabarani madafu na ndizi utadhani upo Mtoni. Kwa ndege saa moja na nusu, msiende kwa gari, ni kama kilomita elfu. Na hao wa hoteli usidai hela, waombe wakusogezee tarehe.

Kijana wa Ruwi: Nimewapigia sasa hivi. Wanakubali Novemba ila niongeze riali 60 maana bei ya baridi ni nyingine. Tatizo waifu keshapanga nguo, sijui namwambiaje.

Mzee wa Kivuko: Novemba mtakuwa watatu, uliza kabisa mtoto wanamtoza ngapi.

Chumvi Nyingi: Wanne, na yule rafiki wa kuazima akaunti.