Potleti tatu, ukurasa mmoja, kila moja na mwanachama wake! Nimechoka

Wakuu, habari za jioni. Sitaki ushauri wa "anza upya na teknolojia mpya", bajeti hiyo haipo. Nina hasira, nisikilizeni tu.

Nimerithi potali (tovuti inayokusanya huduma nyingi pamoja) ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Ukurasa wa karani una potleti tatu, yaani vijiprogramu vinavyokaa pamoja kwenye ukurasa mmoja: kushoto anatafuta mwanachama, katikati inatokea michango, kulia mikopo. Namba ya mwanachama itoke kushoto izifikie hizo mbili, basi. Juzi karani kafungua taarifa za mama mmoja, simu ikalia, akafungua dirisha la pili amwangalie mzee mwingine. Karudi dirisha la kwanza, kabonyeza michango ya mwezi uliopita. Kushoto jina la mama, katikati michango ya mzee! Risiti ikachapwa hivyo hivyo. Aliyeitwa ofisini ni nani? Mimi.

Nikaingia kwenye kodi ya programu. Fundi aliyejenga kaitupa namba ya mwanachama kwenye sesheni (kumbukumbu ya muda ambayo seva inamwekea mtumiaji), ile ya programu nzima. Sesheni hiyo ni moja kwa brauza yote, ufungue madirisha mawili au kumi. Ni ubao mmoja wa darasa, anayekuja nyuma anafuta cha mwenzake. Halafu potleti ya mikopo iko kwenye faili jingine la WAR (kifurushi cha programu ya wavuti ya Java), kwa hiyo ubao wenyewe haiuoni. Fundi kafanyaje? Katengeneza jedwali kwenye hifadhidata, na potleti ya mikopo inalichungulia kila sekunde tano. Kila sekunde tano, wakuu! Asubuhi makarani wakishaingia wote, seva inahema kama imepanda mlima.

Ingekuwa 2003, JSR 168, kiwango cha kwanza cha potleti za Java, ilipotoka, ningemwelewa. Toleo lile halikuwa na njia nyingine ya maana ya potleti kupeana habari zaidi ya sesheni. Lakini JSR 286, toleo la pili la kiwango hicho, imetoka 2008! Ikaleta matukio (potleti moja inatangaza jambo, nyingine inalipokea), ikaleta na vigezo vya pamoja (thamani ndogo ambazo potleti kadhaa zinazisoma). Namba ya mwanachama ni tarakimu chache tu, itangaze kama kigezo cha pamoja kwenye portlet.xml, faili la mipangilio, ya kila upande. Kwa kawaida kigezo kinasafiri ndani ya anwani ya ukurasa, kwa hiyo kila dirisha linabeba cha kwake, na WAR kuwa mbili si tatizo. Potali hii imejengwa miaka mingi baada ya hapo.

Na hao waliotunga matukio nao wana lao. Nilitaka rejesho likipokelewa kulia, katikati pajue. Siku tatu kimya. Hakuna kosa kwenye logi, hakuna onyo. Kumbe upande mmoja jina la tukio lilikuwa na mkwaju (/) mwishoni mwa namespace (sehemu ya jina inayolitofautisha na majina mengine), upande wa pili halina. Kwa kontena, programu inayoendesha potleti, hayo ni matukio mawili yasiyojuana, na tukio lisilo na mpokeaji linakufa bila hata kukohoa. Siku tatu za maisha yangu, kwa mkwaju!

Nimepeleka mpango wa kung'oa ile sesheni, wiki mbili za kazi. Bosi kajibu: "Mfumo unafanya kazi, usiguse." Badala yake kaagiza tangazo mbele ya kila karani: NI MARUFUKU KUFUNGUA MADIRISHA MAWILI. Leo limebandikwa. Wamelilaminisha kabisa.