Kiongozi kwenda kuzika askari, kosa liko wapi?

Assalaam alaykum. Mwenzetu kaandika kwamba kiongozi akisimama hadharani na polisi baada ya askari kuuawa, basi kawapa ruhusa ya kutupiga sisi. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, na sikubaliani naye.

Oktoba 2012, katika zile fujo zilizozuka baada ya kiongozi wa Uamsho, kile kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, kutoweka, askari mmoja alikatwa mapanga Bububu, Unguja, akafa. Mtu wa watu yule, hana tofauti na maiti mwengine. Mkubwa wa nchi asende kumzika kwa sababu gani?

Ninachokiogopa mimi ni maneno ya makaburini. Kiongozi akishasema pale "tutawasaka mpaka tuwapate", usiku wake inagongwa milango ya watu wasiojua lolote.

Tazameni Dallas, Marekani. Julai 2016 askari 5 waliuawa kwa risasi wakiwa kazini kwenye maandamano. Obama alikwenda kwenye kumbukumbu yao, akawataja mmoja mmoja. Kisha palepale, mbele ya askari wenzao, akawataja Alton Sterling na Philando Castile, raia waliouawa na polisi wiki ileile. Hakuwasahau polisi, wala hakuwasahau raia.

Mtasema polisi ni jambo la Muungano, viongozi wetu wa Zanzibar hawana amri juu ya IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Sawa, lakini kufika msibani hakuhitaji amri ya mtu.

Na hapo ndipo panaponiuma. Januari 2001 huku kwetu Zanzibar polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji wa CUF, chama cha upinzani wakati ule. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 35, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Kenya. Ami yangu alivukia Shimoni kwa mashua, usiku, na kandambili ya mguu mmoja. Hitma ya jirani yetu aliyeuawa tuliisoma wenyewe. Mimi nilikuwa mtoto, nimepewa birika ya kunawisha watu mikono, nikipita mstari wote wa jamvi. Hakukuwa na mkubwa hata mmoja wa kumnawisha, na mjane wake hajapewa mkono wa taazia na yeyote kati yao mpaka leo.

Mimi nataka waende kwa askari, na waje na kwa yule mama. Anayepinga aseme ni msiba upi kati ya hii miwili usiostahiki.