Kwaresima inapoangukia Ramadhani: sinia la futari tulipokee vipi?

Mwalimu wa Kwaya, Tomondo

Bwana Yesu asifiwe, watumishi na ndugu zangu. Naomba msaada wenu katika jambo lililonikaa moyoni tangu Jumatano ya Majivu ya mwaka huu, tarehe 18 Februari 2026, kwa kuwa wiki hiyo hiyo mwezi wa Ramadhani uliandama.

Nyumba yetu imepakana na ya bi mkubwa mmoja, mjane, ambaye tumeishi naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na mmoja. Kila Ramadhani, muda mfupi kabla ya adhana ya Magharibi, mjukuu wake hubisha hodi akiwa amebeba sinia lililofunikwa kawa, na ndani yake mna bakuli la uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, tambi za sukari na kaimati kwa hesabu ya watu wa nyumbani kwangu. Miaka yote tumepokea kwa furaha. Mwaka huu, katika ibada ya nyumbani, mhubiri mgeni alitufundisha kwamba futari ni sehemu ya ibada ya dini nyingine, na kwamba Mkristo anayeila anashiriki meza mbili, akatusomea Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10. Mke wangu alifadhaika sana. Jioni ile sinia lilikaa mezani, hakuna aliyeligusa, mpaka uji ukafanya ngozi juu. Saa nne usiku tukaula umepoa, tukiwa hatujui kama tumekosa kwa kuula au kwa kuuchelewesha.

Liko na jambo la pili. Vijana wangu wa kwaya hawali mchana kutwa, kwa kuwa kazini kwao wote wamefunga na migahawa imefungwa, nao wanasema kwamba hiyo ndiyo Kwaresima yao. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeazimia kufunga hadi saa tisa alasiri, lakini nimejikuta nangoja Magharibi pamoja na mtaa mzima. Je, hapo namfuata Kristo, au naufuata mtaa?

Padri wa Kianglikana, Mjini Unguja

Mwalimu, amani iwe kwako na kwa mama watoto.

Nianze na sinia, maana ndilo lililowanyima usingizi. Mhubiri wenu alisoma sura sahihi, ila aliishia njiani. Hadi mstari wa 21 Paulo anazungumzia nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu na watu wanaokwenda kushiriki meza hiyo. Akifika mstari wa 27 anahamia nyumbani kwa jirani, na huko anasema kwamba asiyeamini akiwaalika, nanyi mkitaka kwenda, mle kinachowekwa mbele yenu bila kuuliza-uliza. Futari haikutolewa sadaka kwa sanamu yoyote. Ni chakula cha mama ambaye hajanywa maji tangu daku, aliyesimama jikoni kwenye joto la mkaa akakupikia wewe kabla hajajipikia mwenyewe. Kumrudishia chakula hicho kwa jina la Kristo ni kumsingizia Kristo jambo ambalo hakulifanya, kwani yeye aliingia nyumbani kwa Zakayo na kula kwa Simoni Mfarisayo, wala hakusubiri kwanza wakubaliane naye.

Kuhusu saa ya kula, usihofu kwamba kungoja jua lizame ni jambo geni kwa Kanisa. Watawa waliofuata kanuni ya Benedikto katika karne ya 6 walikula mlo mmoja tu kuelekea jioni katika siku za Kwaresima. Ni baadaye, hatua kwa hatua, ndipo mlo huo ulisogezwa hadi saa tisa na kisha hadi adhuhuri. Wakristo wa Ethiopia hadi leo hukaa bila chakula mpaka alasiri, na hata wanapokula hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Kwa hiyo, ukingoja Magharibi pamoja na mtaa wako, huna ulichoazima ambacho mababa wa imani yako hawakuwa nacho.

Swali lako la mwisho, hata hivyo, halijibiwi na saa. Ruhusu nilijibu kwa kutumia lugha yetu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuunda neno jipya la ibada hii. Walichukua saumu, neno lililokuwa tayari vinywani mwa watu wa Unguja, kama walivyochukua toba, rehema, imani na sadaka, na tafsiri ya mwaka 1952 tunayoisoma wengi wetu imebaki nalo. Katika Isaya 58 Mungu anauliza: "Je! Saumu niliyoichagua, siyo ya namna hii?" na tendo la kwanza analolitaja ni kufungua vifungo vya uovu. Katika Kiebrania neno la kufunga chakula na neno la kufungua kamba hayana undugu wowote. Katika Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na mimi nalipokea hilo kama zawadi: anayefunga anaulizwa amemfungua nani.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi katika kanisa letu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, wala sijaizoea. Soko la watumwa lilifungwa mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Kwa mapokeo yetu, madhabahu imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, na mbele yake sakafuni pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, ambalo huna budi kuliona unapokwenda kupokea Sakramenti. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwafungua watu wote. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika visiwa hivi hadi mwaka 1897, na kwa miaka ishirini na minne iliyokuwa katikati nyimbo ziliendelea kuimbwa kanisani ilhali mashambani, Unguja na Pemba, watu walikuwa bado mali ya watu. Nikilikumbuka hilo, naogopa saumu inayoishia tumboni.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hujajiuliza ufuturu saa ngapi, jiulize kama yuko anayekudai. Isaya, katika mstari wa 3, anawataja kwa uwazi waliofunga huku wakiwalemea wanaowatumikia. Binti anayekufulia nguo, ambaye mshahara wake wa mwezi uliopita umesema utamlipa "wiki ijayo", huyo ndiye wa kumfungua kwanza.

Bibi wa Wete

Nawasalimu nyote. Padri amesema maneno mazito na nimemsomea mwanangu kwa sauti, lakini katika maelezo yake sikumwona mtoto aliyebeba sinia, na mimi ndiye ninayemwaza.

Mimi nilizaliwa Pemba katika nyumba ya Kikristo na nimezeekea hapa Wete. Mambo haya si mapya. Mwaka 1993 pia Majivu na Ramadhani viliangukia wiki moja, marehemu mume wangu akiwa hai, nasi tulikuwa na watoto wanne wadogo. Sahani ya jirani hairudi tupu, hiyo ndiyo desturi tuliyoikuta. Basi mwaka ule, kwa kuwa nasi tulikuwa kwenye mfungo na jikoni hamkuwa na cha maana, nilikuwa nikirudisha sahani na ndizi mbichi za shambani, au nazi mbili, au majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa. Ilipofika Pasaka nilitaka na wao wale kwangu. Nilimwita mtoto wa kiume wa jirani yangu aje kuwachinja kuku, nikamkabidhi kisu, nikatoka uani nikamwacha na dua yake. Wakaja wote, wakala wakashiba, wala hakuna aliyebadili dini mezani.

Mwanangu Mwalimu, siku ile mliyoacha uji ukapoa, naamini hamkumkosea Mungu kwa chakula. Ila sinia lililochelewa kurudi lina maneno yake, na bi mkubwa wako ameyasikia. Nenda kwake mwenyewe, usimtume mtoto, umweleze kwamba nanyi mna mfungo wenu mwaka huu. Watu wa visiwa hivi wanaiheshimu saumu. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, nami nina mambo mawili tu ya kuongeza.

Kwetu Ijumaa za Kwaresima hatuli nyama kuanzia umri wa miaka 14. Sambusa za nyama zikiletwa Ijumaa, tunazipokea kwa mikono miwili na kushukuru, wadogo wanakula, na zinazobaki zinangoja Jumamosi. Hatutoi maelezo mlangoni.

La pili nalisema kwa heshima kwa Padri, kwa sababu naona hakuwagusa vijana wa kwaya. Siku 40 za Kwaresima hazihesabu Jumapili, maana kila Jumapili ni siku ya Ufufuko. Ramadhani haina pumziko hilo. Kijana anayekaa na njaa siku zote saba kwa kuwa mtaa umefunga, kisha akaja kuimba Jumapili akiwa hana nguvu, amepoteza kitu ambacho Kanisa lilimtunzia. Na ale nyumbani kwake siku hiyo, kwa staha, bila kuwatamanisha waliofunga. Siku nyingine, njaa ambayo hakuichagua anaweza kuigeuza kuwa sala, lakini lazima asali kweli. Akikaa tu akihesabu dakika za Magharibi, hiyo ni njaa, haijawa saumu.

Mwalimu wa Kwaya, Tomondo

Nawashukuru sana, Padri, Katekista, na wewe Bibi, ambaye maneno yako nimeyatii kabla sijayamaliza kuyatafakari.

Binti wa kazi nimemlipa jana. Ilikuwa miezi miwili, si mmoja, na nimeona haya kuiandika hapa, lakini ni kweli. Vijana tumekubaliana kwamba Jumapili watakula nyumbani kabla ya mazoezi. Nimewaambia pia wajiandae mapema, kwani mwakani Jumatano ya Majivu itakuwa tarehe 10 Februari na Ramadhani inatazamiwa siku hizo hizo, ndipo mwaka 2028 mifungo hii miwili itaachana.

Sinia nimelirudisha leo mimi mwenyewe, likiwa na ndizi mbivu na nazi tatu. Nilimweleza bi mkubwa kwamba tumo katika mfungo unaoishia Pasaka, naye alinikaribisha barazani na kuniuliza maswali mengi juu yake, tunakula nini, tunaanza lini na kwa nini jioni ile mke wangu hakutoka kumshukuru kama kawaida. Nilimwambia ukweli wote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Pasaka ni tarehe ngapi. Nikamjibu kwamba ni tarehe 5 Aprili, nao watakuwa wamekwisha kusherehekea Idi. Akataka kujua kuku watachinjwa na nani.