Mahaba ya Mwenyezi Mungu katika tarika: ni dini au ni ushairi tu?

Muulizaji, Wete

Assalamu alaykum. Nimekulia jirani na msikiti ambao kila usiku wa Ijumaa husomwa zikri ya Kadiria, mojawapo ya tarika, yaani njia za kisufi za kumkaribia Mwenyezi Mungu, na marehemu bibi yangu alikuwa haondoki kwenye mswala mpaka amalize uradi wake, yaani dua zake za kukariri, punje za tasbihi zikigongana moja moja. Sasa rafiki yangu ananiambia kuwa masufi wamezidisha habari za mapenzi, kwani Mola ni wa kuogopwa na kutiiwa. Naomba wenye elimu wanieleze neno hili la mahaba limetoka wapi.

Mkaazi wa Ukutani

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Limo katika Qurani yenyewe: aya ya 54 ya Suratul Maida inawataja watu ambao Mwenyezi Mungu anawapenda nao wanampenda, na utaona kuwa mapenzi Yake ndiyo yaliyotangulia kutajwa. Aliyevuma zaidi kwa jambo hili ni Rabia al-Adawiyya wa Basra, katika karne ya 2 Hijria, ambaye husimuliwa kuwa alimwomba Mola amuunguze Motoni ikiwa anamwabudu kwa kuuogopa Moto, na amnyime Pepo ikiwa anamwabudu kwa kuitamani, lakini asimnyime kumwona ikiwa anamwabudu kwa ajili Yake tu. Hofu hapo haikufutwa, bali imekatazwa kuwa ndiyo mwisho wa safari.

Bint Makunduchi

Naongeza la kwetu. Hapa Unguja wenye sharia na wenye tarika mara nyingi walikuwa watu walewale. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alikuwa kadhi, akihukumu mirathi na talaka za watu, na papo hapo alikuwa mtu wa tarika ya Alawiya. Kadhi huyo angeambiwa kuwa mahaba yanamtoa mtu kwenye sharia, sijui angelijibu vipi! Kadiria nayo ilienezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Unguja zama za Sayyid Barghash na kuuawa mwaka 1909 katika nchi ya Wasomali.

Mwalimu wa chuoni, Chake Chake

Ahsanteni, lakini rafiki wa muulizaji asidharauliwe. Wapo wanaokesha katika zikri kisha wakailaza sala ya alfajiri, na hayo hayana jina la mahaba. Masheikh wenyewe walikuwa wakali juu ya hilo. Kwao murid, yaani mwanafunzi wa tarika, hulelewa kwanza kwa faradhi, ndipo apewe uradi. Tena maneno ya mahaba yana hatari yake, maana al-Hallaj, sufi aliyevuma kwa maneno ya namna hiyo, aliuawa Baghdad mwaka 922, na miongoni mwa masufi wenyewe wamo waliosema kuwa alifichua yaliyopaswa kusitiriwa.

Kuhusu zikri, msikilize vizuri anayeisoma. Huanza kwa kalima iliyo wazi, kila herufi ikitamkwa, kisha kasi huongezeka, safu ikainama na kuinuka pamoja, hadi sauti ikabaki pumzi nzito ya kifuani mfano wa mivukuto ya mhunzi. Ndiyo maana wengine wakaiita zikri ya kukohoa, jina ambalo mimi silipendi. Mlete rafiki yako, akae ukingoni mwa safu, wala asilazimishwe kuitikia.