Miswada ya kale kwenye kompyuta: tuanze na herufi za Kiarabu au tuandike Kirumi moja kwa moja?

Mleta mada

Asalaam aleikum wadau. Wiki hii nimebishana vikali na wenzangu ambao tunaingiza utenzi mmoja wa zamani kwenye kompyuta. Wao wanataka tusome mswada, tuuandike kwa herufi za Kirumi, tutie maelezo, tuchapishe, basi. Mimi nasema herufi za Kiarabu ziingie kwanza, vile vile mwandishi alivyoziandika, Kirumi kifuate.

Chukueni neno la herufi mbili tu, kafu (k) yenye dhuma na be yenye fataha, alama za irabu. Fataha ni a, ila dhuma ni u au o. Be, kwa waandishi wengi wa zamani, inabeba b, p na hata mb. Kwa hiyo una kupa, kopa, kumba, komba. Anayeandika Kirumi anachagua moja, na msomaji wa kesho hatajua kwamba hapo palikuwa na njia panda. Nimeona pia mato yakigeuzwa macho na moya ikawa moja, kwa nia njema ya kumrahisishia msomaji. Kiamu, lahaja ya Lamu, kimefutika, na vina vimekwenda nacho.

Muyaka, yule mshairi wa Mombasa, wengi tumemjua kwa diwani aliyoitoa William Hichens mwaka 1940, kwa Kirumi. Nyuma yake ziko karatasi alizokusanya mmisionari W.E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua, nazo zimehifadhiwa katika chuo cha SOAS, London. Picha za miswada zinasaidia sana, ila ndani ya picha huwezi kutafuta neno.

Zana zipo. Miongozo ya TEI (Text Encoding Initiative) ya kuweka maandishi kwenye kompyuta, iliyoanza kutungwa 1987, inaruhusu neno liwekwe kama lilivyo na kama lilivyosomwa, pamoja na jina la aliyelisoma. Kevin Donnelly naye ametengeneza programu iitwayo Andika!, ya kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na kukigeuza Kirumi. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu, umesahau msomaji. Binti yangu yuko kidato cha tatu, anapenda mashairi kuliko chochote, na herufi hizo hazijui. Halafu muda. Miswada inaliwa na mchwa majumbani, nanyi mnabishana juu ya dhuma! Orodha ya miswada ya maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, kazi ya J.W.T. Allen, ilichapishwa 1970. Ni tenzi ngapi za humo mtu wa kawaida ameshawahi kuzisoma? Nipe mia za Kirumi zenye makosa, tutarekebisha.

Mchangiaji wa pili

Nafundisha madrasa. Wanafunzi wangu wanasoma herufi hizo kila jioni, kwa hiyo msiseme hazina wasomaji. Nikiwaandikia Kiswahili ubaoni wanakwama kwenye p na ch tu, na kwa siku mbili wanazizoea. Langu ni jingine. Niliwahi kusaidia kikundi kilichotumia programu ya kulipia. Leseni ilipokwisha, maelezo yote tuliyoandika pembeni mwa beti yalibaki humo ndani. Wazee wawili waliotueleza maneno hayo walikuwa wameshafariki. Mleta mada, hilo umelifikiria?

Mleta mada

Ustadhi, hilo ndilo lililonivuta kwenye TEI. Faili lake ni maandishi matupu, linafunguka kwenye kompyuta yoyote bila leseni.

Ndugu wa kwanza, kwa mchwa umenishinda. Mswada unaooza upigwe picha leo hii, mengine baadaye. Lakini hiyo “tutarekebisha” siikubali. Utarekebisha kwa kutazama nini, kama ulichobaki nacho ni Kirumi chenyewe? Binti yako apewe Kirumi, tena kizuri, na akigusa neno aone kilichoandikwa chini yake.

Sisi tumefika ubeti wa saba, na lile neno la kafu na be limo. Mimi nasoma komba, mama mdogo aliyekulia Lamu anasema kumba. Tumeandika yote mawili, kila moja na jina la msomaji wake.